Mastaa, Acheni Kuwauzia Madogo wa Kibondo na Kasulu 'Ualimu wa Kiingereza Ughaibuni'

Chawa wake wameshaanza kazi. "Alilipwa kutangaza tu, kosa lake liko wapi?" "Wivu unawasumbua." "Kwani aliwashikia watu bunduki kichwani?" Sawa, waongee mpaka koo zikauke. Hizo hoja zao tatu zitajibiwa hapahapa, tena bila matusi, maana matusi ndiyo wanayoyataka wapate kiki nyingine ya wiki nzima.

Kwa waliopitwa na stori: kuna dada mmoja wa filamu za Kibongo, jina linahifadhiwa, ambaye wafuasi wake Instagram ni wengi kuliko wakazi wa wilaya nzima ya Kibondo. Mwaka jana alitupia video yuko kwenye korido ya uwanja wa ndege, miwani nyeusi, begi la magurudumu, anasema kuna "mchongo wa uhakika" wa kufundisha Kiingereza ughaibuni. Wavulana, China na Thailand. Wasichana, Oman, "kufundisha watoto Kiingereza kwenye familia zenye uwezo". Elimu kuanzia kidato cha nne, ujue tu kuongea vizuri. Mshahara kautaja kwa dola, haraka haraka, kama mtu anayeona aibu kutaja hela nyingi. Chini namba ya wakala, na yale maneno ya siku zote: nafasi chache, wahi.

Dar watu waliicheka. Mtu wa Sinza akisikia "mchongo wa uhakika" anashika mfuko kwanza. Lakini video haikuishia Sinza. Ilifika Kasulu, ikapanda mpaka Kibondo, na huko haikuchekwa. Wajanja wa mjini watasema ni ushamba. Wanakosea, na wangejua Kibondo ilivyo wasingesema hivyo.

Mtu aliyekulia kule ameuona ung'eng'e ukigeuka mshahara kwa macho yake mwenyewe. Tangu miaka ya 1990 wakimbizi wa Burundi na Congo wanaingia Kigoma kwa makundi. Kambi ya Nyarugusu ipo upande wa Kasulu tangu 1996. Mtabila ikawepo, ikafungwa 2012. Burundi ikachafuka tena 2015, Nduta ikafunguliwa upya kule Kibondo, na baadaye Mtendeli pale Kakonko. Na kila wakimbizi walipokuja, yalikuja magari meupe yenye antena ndefu, na kwenye magari walikuwemo watu wanaohitaji mtu wa kuwasaidia kuongea. Nani alipata hizo kazi? Dogo anayejua Kiha, ambacho kinasikilizana na Kirundi, halafu ana kimombo cha kuandikia ripoti. Huyo akawa mkalimani, akawa karani wa kugawa chakula, akawa mtu wa kuhesabu mahema. Akajenga nyumba ya tofali za kuchoma na bati la rangi. Mwenzake waliyekaa naye dawati moja, ambaye ngeli ilimpiga chenga, akabaki na jembe na maharage. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaangalia.

Kisha magari yakaanza kupungua. Warundi wakaanza kurudishwa kwao kwa mpango kuanzia 2017, Mtendeli ikafungwa 2021, mikataba ikakatika mmoja baada ya mwingine. Huku serikalini ajira za walimu zilikuwa zimekaza tangu 2015. Aprili 2022 zilipotangazwa nafasi 9,800 za walimu kwa nchi nzima, kila mtaa tayari ulikuwa na mwalimu wake mwenye cheti anayeuza vocha. Una vijana waliosomea kufundisha, wanaoamini kwa ushahidi wa macho kwamba Kiingereza ni hela, na hawana pa kukipeleka. Katikati ya hali hiyo ndipo staa kaingia na miwani yake.

Kijana wa kwanza ni wa Kibondo, jina linahifadhiwa. Miaka 23, ana stashahada ya ualimu, somo lake Kiingereza, na akiongea unaweka simu chini umsikilize. Alikuwa anafundisha tuisheni jioni kwa watoto wa sekondari, wanalipa wakivuna. Wakala alimtajia milioni mbili na nusu: usajili, viza, na kitu kinaitwa "mafunzo ya awali". Mzee wake akauza kipande cha shamba la mihogo. Asali ya mwaka ule, ambayo Kibondo inasifika kwayo, ikaenda yote kwa mchuuzi kwa bei ya haraka. Bimkubwa akakopa kwenye kikoba, na kikoba kina wanawake wenzake ambao wanakutana kila wiki, wakumbuke hilo wanaosema "ni hela tu".

Pasipoti ni shilingi 150,000, lakini kwa mtu wa Kigoma hela ndiyo sehemu nyepesi. Ukitokea Moshi unaenda uhamiaji na vyeti vyako, unajibu maswali, unarudi kusubiri. Ukitokea Kibondo au Kasulu unaulizwa babu alizaliwa wapi, na bibi, na ni nani pale kijijini anaweza kuthibitisha kwamba wewe ni Mha wa huku na si Mrundi wa kule. Malalamiko haya ya watu wa Kigoma si mapya, yamesemwa mpaka bungeni. Dogo alizunguka na barua za mtendaji kwa miezi miwili ili aonekane Mtanzania. Alipoipata ile pasipoti, nyumbani walichinja jogoo.

Dar alifikia lodji ya Manzese pamoja na wenzake kumi na kitu, wengi wa kutoka Kigoma, Tabora na Geita. "Mafunzo ya awali" yalikuwa siku tatu kwenye chumba cha juu cha duka la simu. Mkufunzi alikuwa jamaa mmoja mwenye tai ambaye, kwa maelezo ya waliokuwepo, Kiingereza chake kilikuwa kinahitaji tuisheni ya huyo dogo wa Kibondo. Walifundishwa kutabasamu kwenye kamera. Baada ya hapo viza ikawa "iko ubalozini". Wiki ya tatu viza bado iko ubalozini. Wiki ya saba simu ya wakala haipatikani, na kile chumba cha juu kimeshakuwa saluni.

Hakurudi Kibondo. Angerudi na sura gani, wakati jogoo walishamla? Yupo stendi ya Mbezi, anauza maji na karanga kwenye mabasi. Akiona basi la kwao anampa mwenzake alichukue yeye, asije akakutana na mtu anayemjua.

Sasa tuje kwenye kinachouma zaidi. Zile nafasi hazikuwahi kuwepo kwa mtu kama yeye, na kulijua hilo hakuhitaji upelelezi. Ni taratibu zilizoandikwa, mtu yeyote mwenye bando la mia tano anazipata.

China, kwa kawaida, inataka mwalimu wa lugha ya kigeni atoke nchi ambayo lugha hiyo ndiyo ya kuzaliwa, awe na shahada ya kwanza, awe na uzoefu wa miaka miwili, na hati safi ya polisi. Stashahada haihesabiki. Kidato cha nne ndiyo kabisa usitaje. Korea Kusini wao wameandika nchi kwa majina, saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Unaweza kuwa unaongea Kiingereza kuliko mtangazaji wa redio ya London, kama pasipoti yako ni ya Tanzania, umekwisha. Thailand ina mlango kidogo, lakini nako wanataka shahada, na ambaye si mzawa wa lugha anatakiwa kuonyesha alama za mtihani wa Kiingereza unaotambulika. Na kote huko, mwajiri wa kweli anaanza yeye kuomba kibali cha kazi kwao, kikitoka ndipo wewe unapeleka karatasi ubalozini. Kazi haianzi na wewe kutuma hela kwa M-Pesa.

Tena kwa China soko lenyewe lilishakatwa miguu. Julai 2021 serikali yao ilizipiga marufuku kampuni za tuisheni kujitengenezea faida kwa masomo ya shule, Kiingereza kikiwemo. Kampuni kubwa kubwa zikaanguka. Walimu wenye pasipoti za Marekani na shahada zao walikuwa wanafunga mabegi kurudi makwao, wakati huku staa anawaambia madogo wa Kasulu wafunge mabegi kwenda.

"Lakini kuna Wabongo wanafundisha kule." Wapo, kweli. Wengine wana shahada, wana mikataba, wamepita njia halali, heshima yao. Wengine wapo kwa viza ya masomo na wanafundisha kwa kificho, analipwa mkononi, anapita mlango wa nyuma wakaguzi wakija. Sheria ya uhamiaji ya China iliyoanza kazi Julai 2013 inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000, na ikizidi anawekwa ndani siku 5 mpaka 15 kabla ya kurudishwa. Mwalimu wa aina hiyo hawezi kudai mshahara wake ukicheleweshwa. Ataenda kushtaki kwa nani? Bosi anajua, ndiyo maana anachelewesha.

Na hapa kuna jambo ambalo hata wanaojiita waelewa hawapendi kuligusa. Soko la kufundisha Kiingereza duniani haliuzi Kiingereza peke yake, linauza na sura. Huko Asia kuna shule zimewahi kumkataa mwalimu mweusi mwenye vigezo vyote, zikamchukua mzungu wa Ulaya Mashariki ambaye Kiingereza naye kajifunzia ukubwani, kwa sababu wazazi wakiona picha watalipa. Geuza upande wa pili. Mtoto wa miaka 18 anamaliza sekondari kwao Ulaya, analipia safari ya kujitolea, anashuka Kilimanjaro, wiki ya pili yupo mbele ya darasa la Moshi au Arusha anafundisha Kiingereza. Hana shahada, hana stashahada, hajawahi kushika chaki. Mwalimu mkuu anampigia makofi, watoto wanamwimbia. Dogo wa Kibondo kasomea kazi hiyohiyo miaka miwili chuoni, na dunia inamuuliza pasipoti yake ya rangi gani. Hasira ya jambo hili ni ya haki kabisa. Wakala tapeli anaijua hiyo hasira, ndiyo maana maneno yake matamu: "Sisi tumepata njia."

Msichana wa Kasulu yeye alifika. Wengi watasema afadhali yake.

Na yeye ni mwalimu, na yeye jina linahifadhiwa. Oman, "kufundisha watoto Kiingereza". Viza ilikuja kweli, tiketi ikaja kweli, na alilipa nusu tu, nyingine eti itakatwa kwenye mshahara. Kwenye karatasi ya viza iliyoandikwa Kiarabu, kazi yake ilikuwa mfanyakazi wa ndani. Hakujua kuisoma na hakuna aliyemsomea. Muscat alipokelewa uwanjani, pasipoti ikachukuliwa "itunzwe vizuri", na kesho yake saa kumi na moja alfajiri akaonyeshwa jiko, choo, na vyumba sita.

Kuna kitu kimoja kwenye simulizi yake ambacho kingechekesha kama kisingekuwa cha kweli. Mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi wa makamo ya sabini, anaongea Kiswahili safi cha Unguja. Familia nyingi za Oman zilikaa Zanzibar na zikaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, Kiswahili wakaondoka nacho. Kwa hiyo dada kaenda umbali wote ule kwa ajili ya Kiingereza, kafika, na lugha pekee anayoamrishwa nayo ni Kiswahili. "Mwanangu, sufuria hii hujaisugua." Kiingereza hakuna aliyemwomba hata siku moja.

Na yaliyompata si bahati mbaya ya mtu mmoja. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, likahoji wanawake 50. Humo mna pasipoti kuchukuliwa, mna kazi ya saa nyingi bila siku ya kupumzika, mna mishahara isiyolipwa, na mna mengine ambayo mtu hataki kuyasoma akiwa anakula. Mfumo wao unaitwa kafala: viza yako imefungwa kwa mwajiri, ukitoka kwake bila ruhusa wewe ndiye mkosaji. Dada wa Kasulu alikaa miezi kumi na moja. Karudi na kilo nyingi pungufu na simu yenye kioo kilichopasuka, na pale mtaani kwao walimsubiri walione sanduku.

Na wote wawili, kwa kipimo cha mambo haya, wamepona. Agosti na Novemba 2022 Serikali ya Kenya ilitoa onyo kwa raia wake juu ya kazi za uongo za Thailand, baada ya vijana wao kuokolewa kutoka Myanmar na Laos. Waliahidiwa kazi nzuri za ofisini Bangkok, wakashushwa, wakavushwa mpaka usiku, wakafungiwa kwenye majengo yenye waya wa miba, kazi yao ikiwa kuwatapeli watu mitandaoni. Anayekataa anapigwa. Februari 2025 maelfu waliachiwa kutoka makambi hayo upande wa Myawaddy, na kati yao walikuwemo vijana wa Afrika Mashariki na Waethiopia kwa mamia. Tangazo lililowapeleka halikuwa na tofauti kubwa na lile la korido ya uwanja wa ndege. Linataka mtu anayejua Kiingereza, anayejua kompyuta kidogo, mwenye pasipoti mpya, na ambaye kwao wameshauza shamba hivyo haoni pa kurudi.

Haya, hoja za chawa.

"Alilipwa kutangaza tu." Ndiyo, na malipo ndiyo kosa lenyewe. Hakumfahamu wakala, hakuuliza leseni, hakuuliza ni watu wangapi wameshafika na wanafundisha shule gani. Wakala wa ajira hapa nchini anatakiwa kusajiliwa, kanuni zake zipo tangu 2014. Swali moja tu kwa simu Idara ya Kazi lingetosha. Na kwa wanaodhani kutangaza ni kitu chepesi kisheria, wakaisome Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Usafirishaji wa Binadamu ya 2008. Haimwangalii anayesafirisha peke yake. Inamgusa na anayetangaza na kusambaza matangazo ya kuiendeleza biashara hiyo. Bloga wa hapa Bongo mwaka 2018 aliambiwa akakate leseni TCRA kabla hajaandika stori ya harusi ya mtu. Anayeuza safari za watoto wa watu kwa video ya sekunde arobaini anaulizwa nini?

"Wivu." Hakuna aliyemwonea wivu alipotangaza sabuni, wigi, au ile juisi ya kupunguza tumbo. Sabuni mbaya unaitupa.

"Hakumshikia mtu bunduki." Hakumshikia, kweli. Alimshikia kitu kinachofanya kazi kuliko bunduki, uso wake. Mama wa Kibondo hamjui wakala, hata hivyo anamjua huyu dada, kalia naye kwenye filamu, kamwona akifiwa na mume wa kwenye filamu na akamwonea huruma ya kweli. Alipoona yeye ndiye anasema, alisema "huyu mtoto hawezi kudanganya". Kikoba kilifunguliwa kwa ajili ya uso huo. Halafu uso huohuo baada ya mambo kuharibika ukawa na kazi moja tu, kufuta komenti. Kila aliyeandika "dada, wakala wako hapokei simu" alifutwa, na aliyerudia akafungiwa.

Lipo kundi jingine la kuguswa kidogo, nalo ni wanaowacheka hawa vijana kwa kusema "Kiingereza chenyewe cha kuunga unga, ukafundishe nani?" Hao ndio waliomfanya dogo ashindwe kurudi nyumbani. Na wanasahau kwamba hapa nchini mtoto anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, kisha siku moja ya Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta kila kitu kwa Kiingereza. Aliyevuka hapo, tena akitokea shule ya kijijini Kasulu ambako Kiha ndicho cha nyumbani na Kiswahili ni lugha ya pili, akafika kukifundisha hicho Kiingereza, ana kichwa. Alichokosa ni soko.

Na soko likitafutwa kwa akili lipo, ila halina miwani nyeusi. Linaanzia kwenye ramani. Kutoka Kasulu kwenda Manyovu mpakani si safari ya siku. Burundi waliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2007, wakaweka Kiingereza na Kiswahili kwenye shule za msingi, na 2014 wakakifanya Kiingereza lugha rasmi. Rwanda waliamua 2008 kuhamisha masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na walimu wa Uganda na Kenya ndio waliochangamkia. Wakati huo Wabongo tulio jirani kabisa tulikuwa tunasubiri posti ya TAMISEMI. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010. Kibali cha kazi bado kinatakiwa na mshahara wa Bujumbura hautakununulia ndinga, asidanganywe mtu. Lakini ni kazi ya kwanza ya nje, darasani, kwa mkataba, mahali ambapo mambo yakiharibika unapanda gari unarudi kwenu na mabegi yako, na ambapo Kiha chako kinakufanya uelewe mwanafunzi anapomnong'oneza mwenzake kwamba mwalimu hajui.

Halafu kuna kile ambacho wote hawa wawili walikuwa nacho na hakuna aliyewaambia kina bei. Kiswahili. Kwenye Kiingereza dogo wa Kibondo yuko nyuma ya foleni ndefu sana. Kwenye Kiswahili foleni inaanzia kwake. SADC walikipitisha kuwa lugha rasmi Agosti 2019. Baraza la mawaziri la Uganda likapitisha Julai 2022 kifundishwe kwa lazima mashuleni. UNESCO wamekipa siku yake, Julai 7. Marekani wana mpango wa Fulbright wa kuchukua walimu vijana kwenda kufundisha lugha zao vyuo vikuu vya kule kwa mwaka wa masomo, na Watanzania wamekuwa wakienda kufundisha Kiswahili, wanalipiwa tiketi na wanapewa posho. Wanataka shahada, nafasi ni chache kweli, na maombi yanapitia ubalozini bila wakala. BAKITA wanaandikisha wataalamu wa Kiswahili na wanatoa mafunzo ya kukifundisha kwa wageni. Pale Makoko, Musoma, wamisionari wamekuwa wakifundishwa Kiswahili miaka na miaka, na wanaowafundisha ni Watanzania wa kawaida. Hata mtandaoni kuna majukwaa kama italki ambako mtu anafundisha lugha yake kwa saa, bila shahada, kutoka chumbani kwake Kasulu, akivumilia umeme na akipata njia ya kupokea malipo, ambayo nayo kwa Tanzania ina usumbufu wake.

Huyo dada aliyerudi kutoka Muscat ndiyo kaanzia hapo. Ana wanafunzi watatu, Mjerumani mmoja na Wamarekani wawili wa ukoo mmoja. Hela haijafikia hata nusu ya ile aliyoahidiwa na staa. Anasugua sufuria za kwao tu.

Mzee wa Kibondo bado hajaambiwa mtoto yuko wapi. Anajua yuko China, mtandao unasumbua. Kikoba kinadai.

Ile video ilifutwa mwezi uliopita, usiku. Jumatano hii dada wa filamu kaweka nyingine, safari hii ni kuchuma matunda Kanada, elimu yoyote, nafasi chache, wahi. Miwani amebadilisha. Waliotunza ile namba ya wakala ya mwaka jana wameilinganisha na hii mpya, na tarakimu zote kumi ni zilezile.